Kliniki ya Kifua Iko Ghorofa ya Pili

Jumatatu

Pampu imeisha kabla ya wakati wake. Mjukuu aliikuta juu ya kabati akampulizia paka. Paka aliruka, mtoto akafurahi, akaendelea mpaka alipochoka mwenyewe. Paka ni mzima. Dawa hakuna.

Pampu yangu ni ya salbutamol. Ikiwa mpya ina dozi 200, kila dozi maikrogramu 100. Haina mahali pa kuonyesha zimebaki ngapi. Ukiitikisa unasikia kitu kinacheza ndani, ukibonyeza inatoa mvuke, unaamini unayo dawa. Kumbe dawa inaweza kwisha na gesi ikaendelea kutoka. Jirani amenishauri nilitumbukize kopo lake kwenye ndoo ya maji: likizama limejaa, likielea ni tupu. Mfamasia ameikataa njia hiyo, kwani jibu lake haliaminiki na maji huziba tundu. Alinielekeza nihesabu dozi kwenye daftari. Nahesabu. Za paka hazimo.

Duka la dawa la kwanza wameniambia haijaingia. La pili wanayo ya unga, ambayo huvutwa kwa nguvu na kwa haraka, na mimi nguvu ya kuvuta namna hiyo sina kila siku. La tatu limefungwa, mwenyewe yuko msibani. Nimeipata jioni kwenye duka la mbali, na bei sikuibishia. Kubishana kunataka pumzi.

Nina COPD, ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa. Nieleze kidogo dawa zake, kwa sababu watu wengi huzichanganya. Ya salbutamol ni ya kufungua njia za hewa pale unapobanwa. Ndani ya dakika chache unaona nafuu, na nafuu hiyo hukaa saa nne hadi sita. Mikono hutetemeka kidogo na moyo hukimbia. Pampu yangu ya pili ni ya kila siku, unaitumia ubanwe usibanwe, nayo hukaa muda mrefu. Ndugu zangu wakiniona sibanwi huniuliza kwa nini napuliza. Napuliza ili nisibanwe.

Ugonjwa wenyewe nimeutoa tanurini. Nilikuwa mwoka mikate ya boflo hapa Tanga, Ngamiani, tangu ujana mpaka miguu ilipoanza kukataa. Tanuri letu lilikuwa la kuni. Tuliliwasha usiku wa manane, kuni zikiwaka humo humo ndani mpaka kuta zishike moto. Kisha tunasukuma makaa pembeni na kufuta sakafu ya tanuri kwa gunia bichi lililofungwa kwenye mti mrefu. Gunia likigusa matofali linatoa mvuke na majivu kwa pamoja, na vyote hutokea mlangoni, aliposimama anayefuta. Aliyefuta alikuwa mimi.

Jumanne

Siku ya kliniki. Kadi inasema saa mbili asubuhi. Kadi za watu wote zinasema saa mbili asubuhi.

Daladala ilikuwa imejaa na konda akataka tusogee nyuma. Nimesogea. Nyuma kuna joto na dirisha halifunguki, na gari la mbele yetu lilikuwa linatoa moshi mweusi njia nzima. Binti mmoja wa shule amenipisha kiti. Mungu amjalie mtihani wake.

Hospitali imepangwa hivi: mapokezi chini, vipimo vya awali ghorofa ya kwanza, kliniki ya kifua ghorofa ya pili. Lifti ina karatasi inayosema haifanyi kazi, na karatasi yenyewe imeshageuka rangi. Kliniki ya macho iko chini. Ya ngozi iko chini. Wenye mapafu mabovu tunapanda.

Mapokezi wanataka alama ya kidole kwa ajili ya bima. Dole gumba langu mashine hailisomi. Mikono iliyoshika trei za moto miaka mingi inakuwa laini kama chupa, mistari yote imeungua. Karani akaniambia nifute mkono. Nikafuta. Akaniambia nijaribu kingine. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Hatimaye mashine imekikubali kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kwa sababu hicho hakikuwa kikishika trei. Mtandao ukakatika hapo hapo. Tukaanza upya baada ya chai ya karani.

Ngazi zina utaratibu wake. Unavuta hewa ukiwa umesimama. Unapanda huku unaitoa, taratibu, midomo imebanwa mithili ya mtu anayepiga mluzi usiotoka. Kisha unasimama tena. Ukishindwa, unainama, unaweka mikono juu ya mapaja, mabega yanapanda na kushuka. Mkao huo unayapa mabega na shingo nafasi ya kusaidia kifua. Kijana mmoja aliyekuwa anashuka akadhani nimeangusha kitu, akanisaidia kukitafuta. Nilishindwa kumwambia asitafute.

Watu hudhani mgonjwa kama mimi anashindwa kuvuta hewa. Shida kubwa iko kwenye kuitoa. Mapafu yana vifuko vidogo mno, mamia ya milioni, ambamo oksijeni huingia kwenye damu. Moshi wa miaka unavipasua, vifuko vingi vinakuwa vichache vikubwa visivyo na nguvu ya kujirudi. Njia za hewa nazo zinavimba, zinajaa makohozi, zinalegea. Ukitoa pumzi, njia zinajifunga kabla hewa haijaisha. Hewa chakavu inabaki ndani, na mpya haina pa kukaa. Ndiyo maana ya kubana midomo: unaziweka njia wazi kwa muda zaidi ili hewa chakavu itoke. Haya nimeyaelewa baada ya daktari kunichorea nyuma ya fomu. Fomu hiyo ninayo mpaka leo.

Ghorofa ya kwanza muuguzi akanibana kidole kwa kipima oksijeni wakati bado natweta. Kikasoma 84. Akashtuka, akaita mwenzake, wakaanza kutafuta mtungi wa oksijeni. Nikawaonyesha ngazi kwa mkono. Wakanikalisha, na baada ya muda ikasoma 92. Mtu mwenye ugonjwa huu akilazwa, kiwango kinacholengwa ni 88 hadi 92, kwa sababu oksijeni nyingi kupita kiasi nayo humdhuru. Muuguzi mkubwa alilijua hilo. Mdogo amelijua leo, na amelipokea vizuri.

Fomu ina swali la sigara: unavuta, uliacha lini, pakiti ngapi kwa siku. Sijawahi kuvuta. Karani akaweka alama kwenye hapana, akapindua ukurasa. Nikamwambia kuhusu tanuri. Akasema hakuna sehemu ya kuandika tanuri. Nikamwomba aandike pembeni. Akaandika neno moja, mwokaji, kwa penseli.

Jambo hili linaniuma. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 70 ya wagonjwa wa COPD waliupata kwa tumbaku. Katika nchi kama zetu sigara inahusika na asilimia 30 hadi 40 tu. Waliobaki ni watu wa moshi wa kuni na mkaa, vumbi la kazini, na mapafu yaliyobaki na makovu ya kifua kikuu cha zamani. Mwaka 2012 watafiti walikwenda Masindi, Uganda, wakawapulizisha mashine ya kupima pumzi watu wenye umri wa zaidi ya miaka 30. Asilimia 16.2 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu wote vijijini huko huishi na moshi wa kuni. Fomu isiyouliza kuhusu moshi wa jikoni inawaacha nje wagonjwa wake wenyewe. Mistari miwili ya kuandikia ingetosha.

Kwenye benchi nilikaa na mzee mwenzangu anayevuta sigara tangu enzi za jeshi. Akaniambia yeye ameshachelewa, kuacha sasa ni kazi bure. Daktari amemwambia si kweli. Mapafu yaliyoharibika hayarudi, ila siku unapoacha ndipo kasi ya kuharibika inapopungua, hata ukiwa na miaka 70. Mzee alitoka chumbani kimya, akampa mlinzi pakiti yake. Ningependa angeitupa.

Zamu yangu ilifika saa saba mchana. Nilipaswa kupuliza spirometa. Hii ndiyo mashine inayosema ukweli kuhusu ugonjwa huu. Unavuta hewa mpaka mwisho, unaipuliza kwa nguvu zote, na mtaalamu anakupigia kelele usikate: puliza, puliza, endelea, bado, bado. Mashine inapima hewa uliyotoa katika sekunde ya kwanza na inalinganisha na hewa yote uliyotoa. Baada ya kupewa salbutamol, kama ya sekunde ya kwanza haifiki asilimia 70 ya yote, njia zako zimeziba. Wa kwanza kutengeneza spirometa alikuwa daktari wa Uingereza, John Hutchinson, mwaka 1846. Leo vipulizio vya karatasi vimeisha. Nimepewa tarehe nyingine.

Miaka kadhaa kabla ya kuipuliza mashine hiyo kwa mara ya kwanza nilikuwa natibiwa pumu. Nilipimwa makohozi ya kifua kikuu zaidi ya mara moja, yakawa safi, nikarudishwa nyumbani na dawa ya kikohozi. Silaumu kupimwa kifua kikuu, ni lazima kipimwe. Naulalamikia ule mwaka baada ya mwaka ambao jibu lilikuwa hapana na hakuna aliyeuliza swali la pili. Mapafu hayakusubiri.

Jumatano

Gesi imeisha maharage yakiwa hayajaiva. Mke wangu, Mama Zuhura, amesimama mbele ya mtungi akautikisa, kisha akaniangalia. Mtungi unajazwa kwa hela ya mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, unanunua wa leo, wa kesho utajua kesho. Hapo ndipo gesi inaposhindwa na mkaa katika nyumba nyingi. Amewasha jiko la mkaa.

Aliliweka nje chini ya mwembe kwa ajili yangu. Upepo ukageuka, moshi ukaingia dirishani. Akalihamishia upande wa pili, kwenye dirisha la jirani. Jirani akafunga dirisha lake kwa kishindo. Nasi tukafunga la kwetu, tukakaa ndani na joto la Tanga. Maharage yameiva saa tisa.

Wakati anapepea jiko nimemtazama vizuri. Alianza kupika kwenye mafiga akiwa mtoto, kichwa kimeinamia moto, mdogo wake mgongoni. Asubuhi anakohoa kwa muda kabla ya kuongea, na sisi wote nyumbani tumekuwa tukisema ndivyo alivyo. Nimemuuliza kama huwa anatoa makohozi. Akasema, "Baba Zuhura, nani hatoi?" Akaendelea kupepea.

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu bilioni 2.1 ambao bado wanapikia kuni, mkaa, kinyesi cha ng'ombe na mafuta ya taa. Mwezi Mei 2024 ulifanyika mkutano Paris kuhusu kupika kwa nishati safi barani Afrika, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mmoja wa wenyeviti wake, na mwezi huo huo hapa nchini ukazinduliwa mkakati wa miaka kumi wa kuwafikisha Watanzania asilimia 80 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Naomba tu watakaoutekeleza wasiishie kwenye kugawa mitungi mbele ya kamera. Tatizo la nyumba yangu halikuwa kuupata mtungi. Ni kuujaza ulipoisha.

Alhamisi

Nimeamka na mafua ya mjukuu. Kufikia adhuhuri makohozi yamekuwa mengi na rangi yake imegeuka kijani. Hilo kwangu si jambo dogo. Mwenye ugonjwa huu akizidiwa namna hiyo mara nyingi hupoteza kitu ambacho hakirudi chote, na kuna wanaokufa hapo. Daktari alishaniandikia karatasi ya nini cha kufanya: makohozi yakiongezeka, yakibadilika rangi na pumzi ikipungua, nianze prednisolone miligramu 40 kwa siku tano pamoja na antibiotiki aliyoitaja, na nisipopata nafuu ndani ya siku mbili nije. Karatasi nimeibandika nyuma ya mlango.

Nikamtuma binti yetu Zuhura dukani na karatasi yenyewe. Vidonge vya prednisolone vinavyopatikana kwetu ni vya miligramu 5, hivyo nahitaji vinane kwa siku. Muuzaji akasema vinane ni vingi, daktari atakuwa amekosea, akampa viwili viwili. Akaongeza chupa ya dawa ya kuzuia kikohozi. Zuhura akarudi. Nikamrudisha. Akarudi tena na salamu kwamba muuzaji hataki lawama.

Ikabidi niende mwenyewe kwa bodaboda. Dereva akanishauri nivae barakoa kwa ajili ya vumbi, na ni ushauri mzuri, ila yeye mwenyewe ndiye aliyelitimua. Dukani nilifika siwezi kuongea. Muuzaji alinihurumia, akaniletea kiti na maji, akanisubiri. Nilipopata sauti nilimweleza kwamba dozi ni kubwa lakini ni ya siku chache, ndiyo maana inakuwa na mwisho ulioandikwa. Na kikohozi changu hakipaswi kuzimwa, maana makohozi yakibaki ndani ndiyo yanayooza. Akampigia daktari kwa namba iliyo kwenye karatasi. Nimeondoka na arobaini, vyote.

Prednisolone inanipa njaa na kuninyima usingizi. Nimekula chakula cha usiku mara mbili na nimekesha nikisikiliza mbu.

Ijumaa

Habari kwamba naumwa imefika Pangani, na shangazi amekuja. Ana zaidi ya miaka 80. Amepanda basi peke yake. Amebeba chetezo.

Shangazi hamtembelei mgonjwa bila dua na hasomi dua bila ubani. Kabla sijakaa sawa kitandani makaa yalishawaka, ubani umewekwa juu yake, chumba kimejaa. Nikasema, "Shangazi, shikamoo, moshi." Akajibu marahaba, akanisogezea chetezo karibu ili nipate zaidi. Mama Zuhura akamwambia kwa upole kwamba daktari amekataza. Shangazi akasema, "Mwanangu, ubani haujaua mtu." Akajifunga ushungi akaanza kusoma.

Mtu aliyemlea baba yako humtoi chumbani. Nimetoka mimi. Nimekaa barazani, na shangazi akamaliza dua kwa sauti kubwa ili inifikie huko nje. Baadaye nilimweleza: moshi mapafu hayaulizi umetoka wapi wala umewashwa kwa nia gani. Wa tanuri, wa sigara, wa takataka, wa udi, wote ni chembe ndogo zinazoingia mpaka mwisho. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, na hilo lilichukua muda kwa sababu ya vituo vyangu. Kisha akauliza, "Na mke wako je, anayekaa jikoni?" Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu Mama Zuhura.

Msikitini siendi wiki hii, ila nilijaribu kanzu. Haifungi vifungo vya kifuani, ingawa mwilini nimekonda. Hewa inayobaki ndani imekitanua kifua kikabaki hivyo. Fundi anaweza kuongeza kipande. Atataka kujua kwa nini mgonjwa ananenepa.

Jumamosi

Mafua yameondoka, makohozi yanarudi meupe. Daktari anataka nitembee kila siku, hata dakika chache, nikipumzika njiani. Mapafu hayaponi kwa kutembea. Ila misuli ya miguu ikilala inakuwa inadai hewa nyingi kwa kazi ndogo, na ikifanyishwa mazoezi inajifunza kudai kidogo. Mgonjwa anayeogopa kuchoka hukaa, akikaa anadhoofika, akidhoofika anachoka upesi zaidi. Nimewaona wengi wameishia kwenye kiti cha barazani.

Kutembea ninakuweza. Ninachoshindwa ni salamu. Mtaani kwetu hupiti mlangoni mwa mtu kimya. Umeamkaje, mzee, wa nyumbani hawajambo, pole na kuumwa, kazi zinaendaje, na kila moja ina jibu lake. Watoto wakitoka madrasa wananiamkia kwa zamu, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na kila mtoto anastahili marahaba yake. Mtu akitembea huku anaongea anatumia pumzi kwa mambo mawili, na zangu zinatosha jambo moja. Nikinyamaza nitaonekana ninaringa.

Nimejaribu kuinua mkono na kutabasamu. Wamedhani nasimamisha bodaboda, na bodaboda zimekuja. Vijana wakasisitiza wanibebe bure. Mwingine akatoa kiti nje akaniambia, "Mzee, kaa, utaanguka." Ni watu wema kabisa. Nimekaa. Zoezi la leo limeishia kwa fundi cherehani.

Kesho nitatoka alfajiri, kabla milango haijafunguliwa. Zuhura amependekeza pia tuwaambie majirani wazi ninaumwa nini na natakiwa nifanye nini. Ameanza na huyo fundi. Fundi naye ameuliza maswali mazuri, maana kaka yake alikuwa mchoma mkaa.

Jumapili

Ile chupa ya plastiki ya kuvutia pampu imepasuka. Hii ndiyo inayowekwa kati ya pampu na mdomo. Bila hiyo dawa nyingi hupiga ulimini na kooni, hazifiki mapafuni, hasa ukibonyeza kabla au baada ya kuvuta. Ukiwa nayo unabonyeza ndani ya chupa, unavuta polepole, unashikilia pumzi ukiweza kuhesabu kumi. Dukani ni ghali kuliko pampu yenyewe, na leo ni Jumapili.

Mjukuu, yule yule wa paka, amenitengenezea nyingine kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kitako kinatobolewa tundu la umbo la mdomo wa pampu, pasibaki upenyo, na mdomo wa chupa ndio unaouweka kinywani. Tundu la kwanza alilikata kubwa mno. La pili limekaa sawasawa, na amelizungushia utepe. Si uganga wa mtaani huo. Cape Town, Afrika Kusini, waliijaribu chupa ya nusu lita kwa watoto waliobanwa na pumu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1999 katika jarida la The Lancet: ilifanya kazi sawa na ya dukani. Mtoto nimemsamehe. Paka bado hamsogelei.

Mchana amenitembelea kijana mmoja anayefanya kazi katika lile tanuri letu. Bado ni la kuni. Alikaa na mimi akiongea na kukohoa, anakohoa, anaongea, hajui kwamba anakohoa. Sisi tulikiita kikohozi cha tanuri na kila mwokaji alikuwa nacho. Nikamuuliza nani sasa anafuta kwa gunia. Ni yeye.

Nimemwambia nilichokuwa nimeshamwambia Mama Zuhura usiku. Tutakwenda kliniki wote watatu tarehe yangu ikifika. Mama Zuhura amekubali baada ya shangazi kumwagiza kwa simu, na agizo la shangazi halina rufaa. Kijana amesema atauliza ruhusa kazini. Nitamfuata mwajiri wake mwenyewe kama hatampa, maana mwaka 2021 peke yake COPD iliua watu milioni 3.5 duniani, na wapo walioanza kwa kikohozi ambacho kila mtu kazini alikuwa nacho.

Nawe unayesoma, kama umepika kwa kuni miaka mingi, umechoma mkaa, umeoka mikate, umevuta sigara au uliwahi kuugua kifua kikuu ukapona, na sasa unakohoa kila siku au ngazi zimeanza kukushinda, kapime. Kifua kikuu kwanza. Wakikuambia huna, usirudi nyumbani na chupa ya dawa ya kikohozi. Omba kupuliza spirometa, na umuulize daktari majibu yako yalikuwa asilimia ngapi kabla ya dawa na ngapi baada yake. Na kama wewe ndiye unayepanga vyumba vya hospitali, nakuomba kliniki ya kifua uishushe chini.